Kalamu Kabla ya Kibodi: Funzo la Kiebira kwa Wapenzi wa Kiswahili

Wahenga walinena kuwa mwacha asili ni mtumwa. Methali hii hutajwa sana katika makongamano yetu, aghalabu na watu ambao asili wanayoizungumzia ina kamusi, magazeti, mitihani ya kitaifa na nafasi katika kila simu mpya inayoingia sokoni. Ni rahisi kuihubiri ukiwa mtu wa Kiswahili. Katika makala haya ninapendekeza tuitazame upya kwa jicho la mtu ambaye hajaiacha asili yake, anayeizungumza tangu asubuhi hadi usiku, ila akitaka kuiandika hana pa kuiandikia. Mtu huyo ni Mwebira wa Nigeria.

Mintarafu ya lugha zilizoachwa nyuma na tarakilishi, imezuka rai kwamba dawa yake ni programu: atafutwe fundi, atengeneze kibodi na kamusi ya simu, nayo lugha itakuwa imeokoka. Ninaipinga rai hiyo. Tatizo la Kiebira halikuanzia katika mashine, na halitaishia humo. Chanzo chake ni tahajia ambayo wenye lugha hawajaifanya mali ya kila mtu, na darasa ambalo halimfundishi mtoto kuandika anachokisema. Mashine hufuata, haiongozi. Aidha, nitajaribu kuonyesha kwamba jambo hili linatuhusu sisi wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili kuliko tunavyodhani.

Lugha iliyo hai mdomoni

Kiebira husemwa hasa katika jimbo la Kogi, katikati ya Nigeria, kusini-magharibi mwa mji wa Lokoja ambako mto Niger na mto Benue hukutana. Mji wake mkubwa ni Okene, ukizungukwa na maeneo ya Adavi, Okehi na Ajaokuta. Wasemaji wengine wako upande wa Koton-Karfe, wengine katika maeneo ya Toto na Umaisha jimboni Nasarawa, na wengine katika mji wa Igarra, jimbo la Edo. Wanaisimu hukiweka Kiebira katika kundi moja na Kinupe na Kigbari, ndani ya familia kubwa ya Benue-Kongo ambamo lugha za Kibantu nazo zimo. Kwa hivyo Kiebira ni binamu wa mbali wa Kiswahili, wala si mgeni kwetu.

Makadirio ya idadi ya wasemaji huanzia milioni moja hivi na kupita milioni mbili. Tofauti hiyo kubwa si ya kushangaza, kwani sensa ya Nigeria ya mwaka 2006, ambayo ndiyo ya mwisho kufanywa, haikuuliza watu makabila yao. Hata tukichukua kadirio la chini kabisa, hii si lugha ya vikongwe wachache wanaosubiriwa na watafiti wenye vinasa sauti. Ndiyo lugha ya soko la Okene na ya wanawake wanaofuma nguo zilizoupa mji huo sifa. Ndiyo lugha ya tamasha la Ekuechi, ambamo waimbaji wa eku husifu, hukejeli na huonya usiku kucha. Mtawala wao wa jadi huitwa Ohinoyi, na majina kama Ozavize, Ohunene na Adeiza yangali yanapewa watoto.

Hata hivyo, lugha hai inaweza kubanwa. Enzi ya ukoloni Waebira waliwekwa katika Mkoa wa Kabba, sehemu ya Nigeria ya Kaskazini ambako Kihausa kilikuwa na hadhi ya utawala. Magharibi mwao kuna Kiyoruba chenye mamilioni ya wasemaji na fasihi andishi ya zaidi ya karne moja. Wakulima wengi wa Kiebira wamehamia mashamba ya kusini-magharibi mwa nchi, na watoto wao hukua wakicheza kwa Kiyoruba. Tangu jimbo la Kogi lilipoundwa mwaka 1991, Waebira wanaishi pamoja na Waigala na Wayoruba wa Okun, na kwa kuwa hakuna kundi linalokubali lugha ya jirani iwe ya wote, Kiingereza hujitwalia kiti. Katiba ya Nigeria ya mwaka 1999 haisaidii sana. Kifungu cha 55 kinaruhusu Kihausa, Kiigbo na Kiyoruba bungeni pamoja na Kiingereza, nacho kifungu cha 97 kinaliachia bunge la kila jimbo hiari ya kutumia lugha nyingine za jimbo. Lugha isiyo miongoni mwa zile tatu kubwa inategemea hisani.

Irabu tisa katika nyumba ya vyumba vitano

Jina lenyewe la lugha hii linatosha kuonyesha uzito wa suala la tahajia. Vitabuni limeandikwa Igbira, Igbirra, Egbira, Egbura na Ebira. Mmishonari Sigismund Koelle, aliyekusanya msamiati wa zaidi ya lugha mia moja kutoka kwa watumwa waliokombolewa huko Freetown na kuuchapisha mwaka 1854, aliiweka lugha hii katika orodha yake. Ina maana kwamba Kiebira kimegusana na karatasi kwa zaidi ya miaka 170. Kilichokosekana muda wote huo si mtu wa kuandika maneno ya Kiebira, bali mazoea ya Waebira kuandikiana kwa Kiebira.

Ugumu wa kuiandika lugha hii hauko katika konsonanti. Uko katika irabu na toni. Kiswahili kina irabu tano, nayo alfabeti ya Kirumi ina herufi tano za irabu. Tulipokutana nayo tuliingia kama mkono katika glavu. Wataalamu wa fonolojia wameainisha irabu tisa katika Kiebira. Irabu nne hutamkwa shina la ulimi likisukumwa mbele, nyingine nne bila msukumo huo, na a husimama peke yake. Zaidi ya hayo kuna upatanifu wa irabu: irabu za neno moja huelekea kuwa za kundi moja. Anayeziandika zote kwa herufi tano anaziunganisha jozi nne za sauti zilizo tofauti, na mfumo mzima wa upatanifu unatoweka machoni pa msomaji.

Dawa iliyozoeleka Nigeria ni nukta chini ya herufi. Wayoruba huandika ẹ na ọ. Waigbo huandika ị, ọ na ụ. Kwa kufuata utaratibu huo Kiebira kinahitaji zote nne: ẹ, ị, ọ na ụ. Juu ya nukta hizo huja alama za toni, kwani kupanda na kushuka kwa sauti hutenga maana.

Huenda msomaji akauliza: je, Kiswahili sanifu nacho hakikuacha baadhi ya sauti? Kweli kiliacha. Msemaji wa Kimvita hutenga kaa la moto na k'aa wa pwani, hutenga paa la nyumba na p'aa wa porini, ilhali tahajia sanifu haionyeshi mpumuo huo. Lakini hasara yetu ni ya jozi chache ambazo muktadha huzitatua. Hasara ya Kiebira kisicho na nukta iko katika kila mstari. Kwa maoni yangu, nukta za irabu ziandikwe daima, na toni zitiwe pale tu ambapo maana ingetatanisha. Waigbo wengi hufanya hivyo katika maandishi yao ya kila siku, na husomana bila taabu.

Gharama ya nukta moja

Sasa tuingie katika mashine, maana huko ndiko mambo madogo yanakogeuka kuwa vizuizi. Tuchukue arafa. Ujumbe wa herufi za kawaida za Kiingereza, ambazo pia ndizo za Kiswahili, huweza kuwa na herufi 160. Ikiingia herufi moja tu yenye nukta chini, mfano ẹ, mtambo hulazimika kutumia usimbaji mwingine kwa ujumbe mzima, na kikomo hushuka hadi herufi 70. Mwebira anayeandika lugha yake sawasawa hulipia ujumbe mara mbili au zaidi ambapo jirani yake anayeandika Kiingereza hulipia mara moja. Hakuna aliyekaa akatunga sheria ya kumtoza mtu faini kwa kuandika Kiebira, lakini faini ipo, na kizazi kizima kilichoanza kuandikiana kwa arafa kilijifunza kuziacha nukta.

Kadhalika kuna suala la kibodi. Kibodi ya Kiyoruba ina ẹ lakini haihitaji ị wala ụ. Ya Kiigbo ina ị na ụ lakini haihitaji ẹ. Mwebira akiazima kwa jirani mmoja anapungukiwa, na akitaka kukamilisha alfabeti yake inambidi abishe hodi katika nyumba mbili kwa kila sentensi. Programu za kujitengenezea kibodi zipo na hazihitaji mtaji mkubwa. Kinachohitajika ni watu kukubaliana kwanza herufi zipi ziwemo.

Fauka ya hayo, herufi yenye nukta huweza kuhifadhiwa kwa njia mbili katika tarakilishi: ama kama herufi moja kamili, ama kama e iliyofuatwa na nukta inayojitegemea. Machoni ni kitu kimoja. Kwa mashine isiyofundishwa kuzisawazisha, ni vitu viwili. Mtu akitafuta neno lililoandikwa kwa njia ya kwanza katika matini yaliyoandikwa kwa njia ya pili, huambiwa halipo. Ukiongeza wale wasioandika nukta kabisa, neno moja la Kiebira huwa na sura tatu au nne, na mashine inayojifunza lugha kutokana na matini huzihesabu kuwa maneno mbalimbali. Lugha yenye matini machache haiwezi kumudu ubadhirifu kama huo.

Hata msimbo wa kimataifa una mtego wake. Katika orodha ya misimbo ya herufi tatu iliyochapishwa mwaka 2007 ili kila lugha itambulike, Kiebira kilipewa igb, kifupisho cha jina lake la zamani. Kiigbo chenyewe hutambulika kwa ibo na ig. Asiyejua atadhani igb ni Kiigbo, na ni rahisi matini ya lugha kubwa yakapachikwa jina la lugha ndogo, au kinyume chake. Sisi tuna sw na swa, na sidhani kama kuna mwanafunzi wa Kiswahili aliyewahi kukosa usingizi kwa sababu ya herufi hizo.

Kiswahili kilitangulia wapi?

Mradi wa Kilinux katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulipotoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, wengi walishangilia kana kwamba Kiswahili kilikuwa kimezaliwa upya katika tarakilishi. Tunasahau kwamba mafundi wale walikuta meza imeandaliwa. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulikuwa umechagua Kiunguja kiwe msingi wa lugha sanifu. Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ilianza kazi mwaka 1930 na kusimamia tahajia za vitabu vya shule. Baadaye BAKITA na TUKI walishughulikia istilahi, na magazeti yalizoesha macho ya wasomaji kwa miongo mingi. Fundi hakuhitaji kuuliza "kitabu" huandikwaje. Kalamu ilikuwa imemtangulia kwa zaidi ya miaka 70.

Waigbo wanatupa mfano wa upande wa pili. Kuanzia mwaka 1929, mapendekezo ya othografia mpya yaliwagawa wenye lugha na makanisa yao kwa takriban miongo mitatu, hadi kamati ya Ọnwụ ilipoleta tahajia ya maafikiano mwaka 1961. Katika kipindi hicho chote hapakuwa na tarakilishi ya kulaumiwa. Uandishi ulidumaa kwa sababu mwalimu hakujua afundishe tahajia ipi.

Sipendekezi Waebira waige kila tulichofanya. Usanifishaji wetu uliacha majeraha, na watu wa Mombasa na Lamu, wenye utungo wa karne nyingi, walijikuta wakiambiwa kuwa lugha yao ni lahaja tu. Kiebira nacho kina matawi yake: kile cha Okene, cha Koto na cha Igarra. Okene ina watu wengi na taasisi, na kishawishi cha kuifanya ndiyo Kiebira chote kitakuwa kikubwa. Tahajia ya busara ni ile ambayo mtu wa Igarra na wa Umaisha ataisoma kwa matamshi yake na bado aone kuwa ni yake. Hilo huafikiwa kwa kukaa kikao pamoja, na hakuna programu inayoweza kukaa kikao kwa niaba ya watu.

Mlango uliofungwa mwaka 2025

Kikao kama hicho kina faida gani ikiwa shule haitaki? Hapa ndipo suala linapotia uchungu. Tangu mwaka 1977 sera ya elimu ya Nigeria ilitambua lugha ya mama, au lugha ya mazingira ya mtoto, kuwa chombo cha kufundishia madarasa ya mwanzo. Mwaka 2022 serikali ya shirikisho ilikwenda mbali zaidi na kuidhinisha sera iliyotaka lugha ya mama itumike katika miaka yote sita ya shule ya msingi. Mnamo Novemba 2025 sera hiyo ilifutwa, Kiingereza kikarejeshwa kuwa lugha ya kufundishia tangu chekechea hadi chuo kikuu. Waziri wa elimu alieleza kuwa maeneo yaliyokumbatia lugha za mama yalifanya vibaya katika mitihani ya kitaifa.

Hoja hiyo ina kasoro. Sera ilidumu miaka mitatu pekee. Mtoto aliyeanza darasa la kwanza sera ikiwa mpya hakuwa amefika hata darasa la tano ilipofutwa. Amefelije mtihani wa kumaliza sekondari? Isitoshe, Nigeria yenyewe ilikuwa na ushahidi tofauti. Mradi wa Ife, ulioanza mwaka 1970 chini ya Babs Fafunwa, uliwafundisha watoto kwa Kiyoruba miaka sita ya msingi huku Kiingereza kikifundishwa kama somo na mwalimu aliyebobea. Watoto hao hawakubaki nyuma ya wenzao, hata katika Kiingereza chenyewe. Lakini mradi ule uliandaa vitabu na walimu kwanza. Kuagiza lugha mamia zifundishiwe bila kuziandalia vitabu, kisha kuzilaumu kwa kushindwa, ni kumfunga mtu miguu na kumshinda mbio.

Wako watakaosema kwamba mzazi wa Okene anataka Kiingereza, na ana haki. Naam, ana haki, wala sioni mtu mwenye akili timamu atakayemnyima mtoto wake lugha ya kazi na ya masomo ya juu. Hoja yangu ni ndogo zaidi. Saa chache kwa wiki za kusoma na kuandika Kiebira kama somo hazimpunguzii mtoto Kiingereza, na zinatosha kumpa mkono wa kuandika anachokisema. Kufutwa kwa sera ya lugha ya kufundishia hakupasi kufunga mlango huo. Okene ina chuo cha shirikisho cha kuandaa walimu. Akitoka humo mwalimu anayejua irabu tisa na namna ya kuziandika, amepita na jambo ambalo hakuna simu itakayolileta yenyewe.

Na sisi je?

Ni bayana kwamba sisi wa Kiswahili tunaweza kuyasoma haya kwa huruma ya tajiri. Nasema tusifanye hivyo, kwa sababu nchini mwetu Kiswahili ndicho mara nyingi kinachosimama mahali pa Kiyoruba na Kihausa. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 7, ilikipa Kiswahili hadhi ya lugha rasmi, na kifungu hicho hicho kikaitaka serikali kukuza na kulinda uanuwai wa lugha za Wakenya. Sehemu ya kwanza tunaikariri kwa furaha. Ya pili tunaipita haraka. Vitabu vya Tujifunze Kusoma Kikwetu viliwafundisha Wakenya wengi kusoma lugha za nyumbani, na ni nani miongoni mwetu anayevitafiti leo? Tazama pia jina la Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyetutoka mwezi Mei 2025 baada ya kuitetea lugha ya mama takriban nusu karne. Magazeti mengi yalimlilia bila kuweka alama juu ya irabu za jina lake. Ĩ na ũ za Gĩkũyũ na Kĩkamba hupotea katika simu zetu kwa sababu zile zile zinazopoteza nukta za Okene.

Basi nina mapendekezo matatu kwa chama chetu. Kwanza, kila jina na kila neno la lugha ya Kiafrika linalochapishwa katika jarida hili lipewe alama zake zote. Ni kazi ya mhariri ya dakika chache, na ni heshima. Pili, insha za mwaka wa nne zisihusu Kiswahili na Kiingereza pekee. Mwanafunzi mwenye Kitaita, Kipokomo au Ekegusii aruhusiwe, tena ahimizwe, kuandika kuhusu othografia ya lugha hiyo, kwani mbinu tulizofundishwa katika fonolojia ya Kiswahili hazikuandikiwa Kiswahili pekee. Tatu, idara zetu zizungumze na idara za isimu za Nigeria moja kwa moja. Tuna uzoefu wa karibu karne nzima wa kusanifisha lugha, pamoja na makosa yake, na huo ni mtaji unaostahili kugawanywa.

Kuhusu Kiebira chenyewe, uamuzi ni wa Waebira. Lugha yao haiombi kufufuliwa, kwa sababu haijafa. Inaomba mwalimu mmoja katika kila shule ya Okene, Igarra na Umaisha anayeweza kuandika ubaoni ẹ, ị, ọ na ụ na kumweleza mtoto tofauti yake. Watoto hao wakikua watadai kibodi, na watakaowatengenezea hawatakosekana, maana soko humfuata aandikaye. Pasipo mtoto huyo, kibodi iliyo bora kuliko zote itakaa simuni kama jembe jipya ghalani, mvua zikipita.